Ombi la Choo Lililoruka Ngazi

Si zamani, wala si za kale. Ilikuwa muhula uliopita tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina kwa sababu jina lenyewe liko kwenye kamati, linabadilishwa. Nawaandikia kina mama wenzangu wa nchi za jirani, ambao watoto wenu bado wanasoma dini kwa fujo kama tulivyokuwa tukisoma sisi. Mlango nimeufunga, redio nimeiwasha kwa sauti ya juu, naandika. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, nisameheni. Mkiona nimepatia, msiseme mmesikia kwangu.

Nchi yetu ni nzuri, na Serikali inatupenda. Hilo nalisema mapema ili atakayesoma mwanzo tu, akachoka, awe amesoma la muhimu.

Zamani, Ijumaa asubuhi kengele ya kipindi cha dini ikilia pale Shule ya Msingi Heko kwa Serikali, ambayo sisi huiita Heko, watoto waligawanyika wenyewe bila kuambiwa. Waislamu walikwenda na Ustadhi Makame nyuma ya jiko. Wakatoliki waliingia darasa la sita, Walutheri darasa la tano, na kwa kuwa ukuta wa katikati una tundu, kila upande ulijua nyimbo za mwenzake. Walokole walipewa uwanja wa mpira, golini, kwa sababu ya sauti. Wasiokuwa na upande walimwagilia mchicha wa shule, na mchicha ule ulistawi vizuri.

Mwanangu Tunu, ambaye baba yake ni Mwislamu na mimi ni Mlutheri, alikwenda upande wowote uliokuwa na kashata siku hiyo. Nikaona aibu, nikaenda kumuuliza mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Stumai, kama kuna tatizo.

"Tatizo gani, Mama Tunu? Mtoto anajua kaswida, anajua pambio, na mchicha anaujua. Wewe ulitaka ajue nini tena?"

Kumbe masikini, nchi ilikuwa inaangamia, nasi tunacheka.

*

Aliyegundua kwamba tunaangamia ni Waziri wa Imani, Mizani na Vipimo. Msishangae. Mizani na Vipimo hapo awali ilikuwa wizara peke yake, kazi yake kukagua mizani za wauza nyama. Serikali ilipobana matumizi, ikaiunganisha na Imani, kwa kuwa zote mbili zinahusu uaminifu. Wakaguzi wakabaki walewale, na mawe yao ya kupimia yaleyale.

Waziri mwenyewe ni Mheshimiwa Dokta Sifaeli Mabruki. Wakati wa kampeni, mabango ya upande wa milimani yaliandika SIFAELI kwa herufi kubwa na Mabruki kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Upande wa bondeni yaliandika kinyume chake. Alishinda pande zote mbili.

Ijumaa moja gari lake lilipata pancha mbele ya Heko. Akashuka kunyoosha miguu, akaona watoto wetu jinsi walivyotawanyika, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Watoto wa taifa moja! Wengine golini, wengine jikoni! Nani amewatenganisha?"

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Ndauka, mtu mwoga lakini si mbaya, alikuja mbio huku anachomekea shati.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hawajatenganishwa. Wakimaliza tu kipindi wanacheza pamoja."

"Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo!" akasema Waziri. "Wanacheza pamoja bila mwongozo!"

Kamati ikaundwa. Ilikaa kwenye hoteli ya kando ya ziwa, mpaka wahudumu wakaanza kuwaita wajumbe kwa majina ya utoto. Alikuwepo Askofu, alikuwepo Sheikhe, alikuwepo Mtume mmoja mwenye gari jeupe, na bwana mmoja aliyewakilisha wasio na dini. Huyu alitoka nje kwa hasira walipofungua kikao kwa sala, akarudi saa ya chakula. Kazi yao ilikuwa kutafuta yale ambayo dini zote zinakubaliana, ili mtoto wa nchi hii asome dini moja, kwa kitabu kimoja, bila kumkwaza mtu.

Wakabishana viatu vivuliwe au visivuliwe. Wakabishana kichwa kifunikwe au kiachwe wazi, macho yafumbwe au yafumbuliwe, na siku ya mapumziko iwe ipi. Mwisho wakakubaliana mambo matatu: viongozi waheshimiwe, sadaka isicheleweshwe, na chakula cha mchana kiwe tayari kwa wakati. Hayo ndiyo yakawa sura za kitabu. Kitabu kinaitwa *Dini kwa Wote Bila Kumgusa Yeyote*. Juu ya jalada kuna picha ya mtu anayeomba. Amechorwa kwa mbali sana, kwa nyuma, ameshika mwavuli, kuna ukungu. Mwanangu wa chekechea, Zawena, alipoiona akasema, "Mama, huyu anasubiri basi."

*

Likabaki jambo moja gumu: kuomba. Ukifundisha dini lazima ufundishe kuomba, na ukiomba lazima umtaje unayemwomba. Hapo kamati ilitaka kupigana ngumi. Askofu alitaja jina, Sheikhe akataja jina, Mtume akataja kwa kupiga kelele, na bwana wa wasio na dini akasema kama kuna jina litatajwa basi na la kwake litajwe, akaulizwa ni lipi, akanyamaza.

Aliyeokoa nchi ni Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Tegemeo. Bwana Tegemeo amekulia masjala. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupokea barua, kugonga mhuri na kuisukuma barua mbele. Akasema, "Waheshimiwa, mbona jambo hili Serikali ilishalimaliza siku nyingi? Tunapomwandikia mtu tusiyemjua, tunaandikaje?"

Ndiyo hivyo. Kesho yake sala ya taifa ikawa tayari, na ikapelekwa shule zote ubaoni, ikiwa hivi:

*Kwako Mhusika.*
*Yah: Ombi la Mvua za Wastani.*
*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwombaji nina heshima kubwa kuomba nilichotaja. Natanguliza shukrani.*
*Nakala: Mkuu wa Wilaya, kwa taarifa.*

Kama kawaida ya barua za Serikali, haiendi moja kwa moja. Inapita ngazi. Mtoto anampelekea mwalimu wa darasa, mwalimu wa darasa anaipitisha kwa Mwalimu Mkuu, yeye kwa Afisa Elimu Kata, inapanda wilayani, inapanda mkoani, mpaka Wizarani kwenye Dirisha la Maombi. Kwenye mkutano wa wazazi mimi nilinyoosha mkono. Baba Tunu alinivuta gauni lakini nilishasimama.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Ikishafika Wizarani, kutoka pale inapandaje?"

Mwalimu Ndauka alijifuta jasho. "Mama Tunu, hilo ni suala la kitaalamu."

Nikakaa. Elimu yangu mnaijua.

*

Haya yote tungeyavumilia, maana tumeshavumilia mengi kwa furaha. Lakini Waziri akasema redioni, "Somo lisilopimwa si somo, ni porojo! Wizara hii ina mizani, na itapima!" Kukatangazwa mtihani wa vitendo. Kila mtoto wa darasa la saba apeleke ombi moja, na ombi hilo lijibiwe kabla ya mtihani wa taifa. Likijibiwa, amefaulu. Lisipojibiwa, hana imani, na asiye na imani hapandi sekondari, hata kama kwenye hesabu anawashinda walimu wake.

Kina mama, mimi nilikosa hata hamu ya ugali. Tunu yuko darasa la saba. Tunu kwenye hesabu anawashinda walimu wake. Katika ukoo wetu, upande wangu na upande wa baba yake, hakuna aliyewahi kuvaa sketi ya sekondari. Mimi nilifaulu nikaolewa. Sasa mwanangu akwame kwa sababu Mhusika hajajibu barua?

Lakini walimu wetu ni watu wa kuishi mjini hata wakiwa shamba. Hazikupita siku nyingi wakagundua njia ya kuupita mtihani ule. Mwalimu Stumai akafungua tuisheni ya kuomba, jioni, barazani kwake. Somo lilikuwa moja tu.

"Ombeni vitu ambavyo viko njiani tayari," aliwaambia. "Msimsumbue Mhusika na vitu vigeni."

Basi mngeona maombi yaliyopanda. Mmoja aliomba Jumatatu ije baada ya Jumapili. Mmoja aliomba jogoo wao awike. Mmoja, mtoto wa Afisa Elimu Kata, aliomba Mheshimiwa Waziri atoe hotuba, akajibiwa mara mbili siku hiyohiyo, akapewa zawadi ya mwavuli. Imani ya taifa ilipanda mpaka Wizara ikatangaza kwamba tumezipita nchi zenye mahali patakatifu.

Tunu akaomba choo.

*

Niwaeleze choo cha Heko. Kina shimo refu, na juu ya shimo kuna sakafu ya zege, na kwenye zege kuna ufa. Ufa huo ulianza kama uzi. Siku hizo ninazowasimulia, ulikuwa unaingiza kidole cha mtu mzima. Watoto wa chekechea wakienda, walishikana mikono mlolongo mpaka nje, ili mmoja akizama wenzake wamvute. Mchezo huo waliuita treni. Zawena wangu, kwa kuwa ni mwembamba, alipewa kuwa kichwa cha treni.

Mwalimu Stumai aliposoma *Yah: Ombi la Choo Kisichotumbukiza Watoto*, akamwita Tunu pembeni.

"Tunu, mwanangu. Omba jua lichomoze."

"Jua litachomoza hata nisipoomba, mwalimu."

"Sasa si ndiyo maana tunaliomba!"

Tunu akagoma. Ana kichwa kigumu, amekitoa kwa baba yake. Ombi likapelekwa kwa Mwalimu Mkuu, nami nikaitwa ofisini. Mwalimu Ndauka alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mjusi.

"Mama Tunu, karibu ukae. Hili ombi lina lawama ndani yake."

"Lawama kwa nani, mwalimu?"

"Kwa Serikali! Choo ni cha Serikali. Mtoto akimwomba Mung... akimwomba Mhusika choo, maana yake nini? Anaishitaki Serikali kwa wakubwa zake!" Akashusha sauti. "Na mimi likipita mkononi mwangu, wilayani wataniuliza, choo kimepasuka lini, mbona hukusema? Nilisema, mama. Nimesema mpaka wakaniambia nikisema tena nitahamishiwa kisiwani."

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

"Aandike, Shukrani kwa Choo Kizuri Kilichopo. Au jua. Mimi kwa usalama ningesema jua. Asipoleta ombi linalopitika, nitamfuta kwenye mtihani, na huo ndio mwisho wa sekondari. Sitaki, lakini nina watoto na mimi."

Akaikunja ile karatasi, akaifungia kwenye droo. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Tunu aandike jua. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa. Aliandika. Mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mbaya kwa makusudi.

Tukadhani yamekwisha. Lakini siku ya tatu, mapumziko ya saa nne, Zawena akiwa kichwa cha treni, zege likalia *kwaa*, kipande cha ukubwa wa sahani kikadondoka shimoni. Mguu mmoja wa Zawena ukaning'inia. Tunu alikuwa karibu, akamkamata mkono, akamtoa. Na hapohapo mlangoni mwa choo, mtoto yuko kifuani kwake anatetemeka, akasema kwa sauti maneno yake mwenyewe, kwenda juu, bila kupitia kwa mtu.

Kiranja wa Dini alikuwa nyuma ya ukuta. Akaenda kusema.

*

Kosa lake liliitwa kuruka ngazi. Ni kosa baya kuliko kukosa imani, maana asiye na imani ni mzembe tu, lakini anayeruka ngazi anawafanya watu wa ngazi waonekane hawana kazi. Ikaamuliwa kwamba hukumu yake atatoa Waziri mwenyewe, siku ya kuzindua somo kitaifa, mbele ya watu wote, ili iwe fundisho. Na sherehe ya kuzindua itafanyika palepale Heko, mahali gari lilipopata pancha.

Shule ikafanyiwa maandalizi. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Mchicha ukapakwa maji ung'ae. Choo nacho, kwa kuwa Waziri angeweza kukiona kwa mbali, kikapakwa chokaa nje mpaka kikameta kama jino, na mlangoni pakaandikwa CHOO BORA. Sakafu haikuguswa. Waziri hawezi kuiona sakafu akiwa jukwaani.

Siku ikafika, na Waziri naye akafika, amevaa Joho la Taifa. Joho hilo kamati ilikaa nalo muda mrefu kuliko kitabu. Mikono ilikuwa ya kanzu, kola ya kiaskofu, mgongoni limetarizwa kama la Mtume, na mbele kuna mfuko kwa ajili ya yule bwana wa wasio na dini. Kifuani amebandikwa kipaza sauti kidogo kisichokuwa na waya, na Redio ya Taifa inarusha moja kwa moja. Njiani kila kata ilikuwa imemsimamisha kumpa soda, na kwa ajili ya umoja wa kitaifa alizinywa zote.

Alihutubia. "Ndugu wananchi! Imani bila utaratibu ni kama... ni kama utaratibu bila imani!" Tukapiga makofi. Akasema Mhusika mwenyewe anapenda utaratibu, ndiyo maana amekaa juu kabisa. Tukapiga makofi. Lakini tuliokaa mbele tulianza kuona anasimama mguu mmoja, kisha mwingine, kisha anaibana miguu yote, na hotuba ikawa inakimbia.

"Aletwe mkosaji!" akasema.

Tunu akaletwa. Nilishika mkono wa Baba Tunu mpaka kucha zikamwingia. Sketi ya shule ya Tunu niliifua mwenyewe, nikaipiga pasi mara mbili, kana kwamba mtu humhurumia mtoto kwa mikunjo.

"Ni wewe uliyezungumza na Mhusika bila kupitia ofisini kwangu?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ni mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sakafu ya choo imepasuka."

Jambo la ajabu likatokea kwenye uso wa Waziri. Ukalainika kabisa.

"Choo," akasema. "Kiko wapi hicho choo?"

Watu wote wakageuka kukitazama kile chumba cheupe. Waziri akashuka jukwaani, mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Mwalimu Ndauka akamfuata nyuma. "Mheshimiwa, labda... hapo kwa jirani... pana..."

"Kwani hiki kina nini?"

Hapo nilimwonea huruma mtu yule. Taarifa yake ilisema choo ni bora. Mlango umeandikwa choo bora. Aseme nini?

"Hakina kitu, Mheshimiwa. Karibu."

*

Kipaza sauti alisahau kukizima. Kwa hiyo nchi nzima, kuanzia milimani mpaka bondeni, ilisikia mlango unafungwa, ikasikia joho linapandishwa kwa shida, ikasikia mtu anashusha pumzi, kisha ikasikia *kwaa*.

Kilichofuata, kina mama, sitaandika chote. Waziri wa Imani, Mizani na Vipimo alimwita Mungu. Hakusema Kwako Mhusika. Hakusema rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwanza alimwita kwa jina alilofundishwa upande wa mama yake. Akaona hazami polepole vya kutosha, akamwita kwa jina la upande wa baba yake. Akawaita malaika, akawaita mawalii na watakatifu kwa mchanganyiko, na mwisho kabisa akamwita mama yake mzazi, kwa lugha ya kwao.

Ustadhi Makame, kwa mazoea, akaitikia "Amin". Katekista wa Wakatoliki naye akaitikia. Walokole wa golini walishaanza kulia kwa furaha.

Lililomwokoa ni Joho la Taifa. Lilikuwa pana, likatanda juu ya ufa, akaning'inia kwapani. Ustadhi akashika mkono huu, katekista akashika ule, Walokole wakamshika kiuno Ustadhi, na watoto wa chekechea, bila kuambiwa, wakajipanga nyuma yao treni. Wakamtoa. Jinsi alivyotoka sielezi, maana Serikali yetu naiheshimu.

Hapo ndipo Baba Tunu, fundi baiskeli, mtu ambaye kwenye harusi yetu alisema "ndiyo" tu na siku ile hakuongeza kitu, alinyoosha mkono.

"Pole sana, Mheshimiwa. Naomba kuuliza kidogo. Hilo ombi lako limepita kwa nani?"

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha akacheka mtoto mmoja, kisha uwanja wote. Bwana Tegemeo, Katibu Mkuu, hakucheka. Alikuwa amekuwa mweupe kuliko choo. Redio ilikuwa hewani. Waziri ameruka ngazi zote, mbele ya taifa, kwa majina, na adhabu ya kuruka ngazi aliitia sahihi mwenyewe.

Lakini masjala haimshindi aliyezaliwa masjala. Bwana Tegemeo akamvuta Mwalimu Ndauka nyuma ya gari.

"Upesi. Kuna ombi lolote la choo ambalo lilishawasilishwa kabla ya leo?"

Droo ikafunguliwa. Ile karatasi ya Tunu ikatoka na mikunjo yake. Ikatandikwa juu ya boneti la gari, na kwa kuwa maafisa wa ngazi zote walikuwepo kula sherehe, mmoja baada ya mwingine akaigonga mhuri: kata, wilaya, mkoa, Wizara. Nikaona kwa macho yangu ombi likipanda mbinguni kwa muda wa kunywa soda. Kisha Bwana Tegemeo akachukua kipaza sauti kingine, akatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri hakuomba ombi jipya. Alikuwa anatoa *kumbusho* kwa mdomo kuhusu ombi halali la mwanafunzi Tunu, ambalo liko kwenye faili.

Kwa hiyo, ili Waziri awe hajakosa, ilibidi mwanangu awe hajakosa.

Wiki ile ile mafundi walikuja na saruji, choo kipya kikasimama. Ombi limejibiwa! Tunu akafaulu Dini kwa alama za juu katika nchi nzima, hesabu nayo akaikung'uta, na sasa ninapoandika yuko sekondari, sketi yake ni ya buluu, imempwaya kidogo, nimempimia ya kukulia.

*

Mngependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Lakini Wizara ikakaa, ikaona kwamba choo kile ndicho jibu la kwanza la Mhusika lililothibitishwa kwa saruji katika historia ya nchi yetu. Jua na sauti ya jogoo havishikiki. Basi choo kikatangazwa Kielelezo cha Taifa. Wageni huletwa kukitazama, huvua viatu au hawavui, kila mtu na kwao. Ukuta umewekwa kibao chenye jina la Waziri. Kitabu kimepigwa chapa upya, na yule mtu wa kwenye jalada sasa anaonekana kuanzia kwapani kwenda juu. Na mlango umefungwa kufuli, lisije likachafuliwa jibu la maombi. Ufunguo uko Wizarani, Dirisha la Maombi.

Watoto wanaojisikia haja huelekezwa kwenye mchicha. Mchicha umestawi kuliko zamani, lakini hakuna anayeununua.

Nilimuuliza Mwalimu Ndauka kama naweza kuomba ufunguo. Akashusha sauti tena. "Unaweza, Mama Tunu. Kupitia kwangu. Lakini kwa usalama..."

"Niombe jua."

"Eeh."

Juzi nimekwenda kumchukua Zawena mchana. Nimemkuta amesimama mbele ya choo kile kilichojibiwa, amebana miguu, machozi yanamtoka, watoto wenzake wamemzunguka wanamwimbia pambio la kumpa moyo. Tunu yuko shule ya mbali, hakuwepo wa kumshika mkono. Nikakumbuka siku aliporudi na kesi yake, nilimuuliza, "Hivi wewe, siku ile ulipoomba, ulimtaja kwa jina gani?" Akanitazama kama naongea Kichina. "Sikumtaja, mama. Nilidhani ananijua."

Basi nami nikasema maneno matatu, sikuyapitisha kwa mtu, na nakala sikumpa yeyote. Nilisema, "Mungu wangu, samahani." Na kufuli likafunguka.

Sasa wakaguzi wa Wizara wamo mtaani na mizani zao, wanauliza nani aliomba, ndiyo maana redio iko juu. Wakifika huko kwenu, kina mama, semeni mmesikia kwamba lilifunguka kwa imani tupu. Wakitaka kuipima imani yenyewe, nimewaachia palepale chini ya mlango. Ina kona moja iliyomeguka, na bado ina chokaa ya mawe ya njiani.